Alan Turing: Mchezaji dhaifu wa sataranji aliyeifundisha mashine kucheza

Wengi wanadhani kwamba ili uandike programu nzuri ya sataranji, lazima kwanza uwe bingwa wa mchezo wenyewe. Maisha ya Alan Turing yanaonyesha vingine kabisa.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Alisoma hisabati Cambridge, na mwaka 1936 akaandika makala iliyoeleza mashine ya kufikirika inayofuata maagizo hatua kwa hatua. Makala hiyo inahesabiwa hadi leo kuwa moja ya misingi ya kompyuta.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, alikwenda Bletchley Park, kituo cha siri cha Uingereza cha kuvunja maandishi ya fumbo ya Wajerumani. Pale alikutana na vigogo wa sataranji. Mmoja wao alikuwa Hugh Alexander, bingwa wa Uingereza wa mwaka 1938.

Mbele ya watu kama hao, Turing hakufua dafu. Aliupenda mchezo, lakini alifungwa mara kwa mara.

Kipaji chake kilikuwa kwingine

Bingwa akitazama ubao, anaona tu kwamba hapa pazuri, pale pabaya. Ukimuuliza ameonaje, huenda ashindwe kueleza. Mashine haina macho hayo. Inataka kuambiwa kila kitu, tena kwa namba.

Kazi hiyo ndiyo Turing aliyoiweza. Mwaka 1948, yeye na rafiki yake mchumi David Champernowne walianza kutunga kanuni za programu iliyokuja kuitwa Turochamp.

Kila kete ilipewa thamani. Askari alipata 1, farasi 3, askofu 3.5, ngome 5 na malkia 10. Kete yenye nafasi nyingi za kwenda iliongezewa alama, na mfalme aliyekaa salama vilevile.

Kisha programu ilipima kila hatua yake na kila jibu la mpinzani. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Ukiacha kuhesabu katikati ya kula na kuliwa, unaweza kujiona umefaidi kete, kumbe hatua inayofuata unaliwa malkia. Turing akaweka kanuni kwamba hesabu iendelee mpaka ubao utulie. Wazo hilo bado linatumika katika programu za sataranji za leo.

Yeye mwenyewe akawa mashine

Tatizo likabaki moja, nalo kubwa. Hapakuwa na kompyuta ya kuiendesha. Turing alianza kuiandikia kompyuta ya Ferranti ya Manchester, lakini hakumaliza.

Basi akachukua karatasi na kalamu. Mwaka 1952 huko Manchester alicheza na Alick Glennie, mtaalamu mwenzake wa kompyuta. Kila zamu ilipofika, Turing alijaribu kufuata kanuni zake na kupiga hesabu kwa mkono, nusu saa au zaidi kwa hatua moja. Hakuruhusiwa kutumia akili yake, hata pale alipoona kanuni zinampeleka pabaya.

Hilo si jambo rahisi. Mtu anayejisaidia kidogo hapa na pale hawezi kujua programu yake ina kasoro gani. Turing aliendelea mpaka mwisho. Kwenye hatua ya 29, malkia wa programu alikula askari, ngome ya Glennie ikasogea, na mchezo ukaishia hapo. Programu ilishindwa.

Kasoro ikajulikana: ilijua kuhesabu kete, lakini haikuwa na mpango wa mbali.

Muda haukutosha

Mwaka huohuo wa 1952, Turing alitiwa hatiani kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume mwenzake, jambo ambalo lilikuwa kosa la jinai Uingereza wakati ule. Ili asifungwe jela, alikubali kudungwa homoni. Kibali chake cha kufanya kazi za siri za serikali nacho kikaondolewa.

Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi rasmi ulisema alijiua. Hakuwahi kuiona Turochamp ikicheza ndani ya kompyuta. Msamaha wa kifalme ulikuja Desemba 2013, miaka 59 baada ya kifo chake.

Juni 2012, miaka 100 tangu azaliwe, bingwa wa zamani wa dunia Garry Kasparov alikaa Manchester kucheza na Turochamp, safari hii ikiendeshwa na kompyuta. Alishinda kwa hatua 16 tu. Lakini kanuni za mtu yule aliyekuwa akifungwa Bletchley Park zilicheza mchezo mzima zenyewe, bila kalamu wala karatasi.