Siku za mwisho za Mtwa Mkwawa

Ndugu msomaji wa Morogoro, mwanao akirudi na daftari la historia huenda akakuuliza kwa nini Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua. Usimjibu kwamba alikuwa shujaa ukaishia hapo.

Ushujaa wake haubishaniwi. Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi lake lilikisambaratisha kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Vita vyake vilifika hadi Usagara, upande wetu wa Kilosa. Lakini tazama kilichofuata. Oktoba 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka, naye akaishi porini karibu miaka 4, akihamahama na kuwindwa. Nduguye Mpangile alitawazwa na Wajerumani, kisha wao wenyewe wakamnyonga mwaka 1897. Kichwa cha Mkwawa kikawekewa zawadi ya rupia 5,000. Watu wake wakapungua, kwa kuuawa, kwa njaa, kwa kuchoka. Julai 19, 1898, huko Mlambalasi, alikuwa karibu peke yake, askari wakimkaribia.

Yeye alikuwa vitani, na sitaki kumpima kama mgonjwa. Ila hesabu yaliyomzunguka: msiba, kupoteza hadhi, upweke, kuona njia zote zimefungwa, na silaha iko mkononi. Hayo hayo ndiyo daktari wa afya ya akili huyauliza leo kwa kijana aliyefeli mtihani au mkulima wa Mgeta aliyeelemewa na mkopo. Tofauti ni hii: Mkwawa alikuwa amezingirwa kweli. Mwenzetu huyu anajiona amezingirwa, na hali hiyo mara nyingi hulegea baada ya saa au siku chache, akipata mtu wa kukaa naye.

Ukimsikia akisema amekuwa mzigo, au ukimwona anaaga watu na kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake. Dawa ya kupulizia kabichi na nyanya isikae uvunguni. Ifungie, na ufunguo ushikwe na mtu mwingine. Mpeleke kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na kama unayejisikia hivyo ni wewe unayesoma, mpe mtu wa karibu gazeti hili umwonyeshe aya hii.