Hertz: jina lililo ndani ya simu yako

Wanachuo wenzangu, panda daladala ya Mbagala asubuhi uone watu walivyoziba masikio kwa spika zisizo na waya. Hosteli nako, mwenye bando akiwasha hotspoti, chumba kizima kinaingia mtandaoni. Bluetooth na Wi-Fi zote ni mawimbi ya redio, mara nyingi ya gigahezi 2.4, yaani mitikisiko bilioni 2.4 kila sekunde. Hiyo hezi tuliyoikariri sekondari ni jina la mtu.

Heinrich Hertz alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 22 Februari 1857, mtoto wa mwanasheria. Alianza na uhandisi, akauacha, akahamia fizikia na kupata udaktari Berlin mwaka 1880.

Wakati huo fizikia ilikuwa na deni. Maxwell, Mskochi, alikuwa ameonyesha kwa hesabu tu kwamba umeme na usumaku vinaweza kusafiri pamoja kama wimbi, kwa mwendo wa mwanga. Akafariki mwaka 1879 kabla ya yeyote kulithibitisha.

Hertz alilibeba deni hilo akiwa profesa Karlsruhe, kati ya 1886 na 1888. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida: mtambo wa kurusha cheche kati ya vitufe viwili vya metali, na kando yake waya uliokunjwa duara, wenye mwanya mwembamba sana. Hakuna kilichoviunganisha. Cheche iliporuka huku, kicheche kingine kikaruka kule kwenye mwanya, kidogo mno, cha kutafutwa gizani. Akayapima mawimbi yale, akayarudisha kwa bati la zinki. Kumbe yanaakisiwa kama mwanga!

Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kazi ya ugunduzi huo, alisema haoni yoyote. Amethibitisha tu kwamba Maxwell alikuwa sahihi.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya Temeke, mwanafunzi aliniuliza mawimbi yatamsaidia nini maishani. Ni swali la haki, hasa kwa mtoto anayehesabu nauli kila asubuhi. Lakini Hertz mwenyewe asingekuwa na jibu.

Alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36 tu. Mwaka 1901 Marconi akapokea ishara iliyovuka Atlantiki. Hapa Dar es Salaam Wajerumani wakajenga kituo cha simu ya upepo, na tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaupiga mji mizinga ikikilenga kituo hicho. Miaka 20 tu tangu azikwe, kile kisicho na kazi kilikuwa kinapiganiwa vitani.

Basi walimu watarajiwa, tusiipite mada haraka kwa sababu tu hatuoni italipa nini leo. Tuifundishe vizuri. Kazi yake huenda ataipata yule anayetusikiliza.