Livingstone: Tabibu wa Nyikani

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskochi, mwaka 1813, akafuzu utabibu mwaka 1840. Wengi humkumbuka kwa safari zake. Sisi tuukumbuke mkoba wake wa dawa. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Dhidi ya homa alichanganya kwinini na haluli, akafinyanga vidonge, akanywa yeye na wenzake. Mganga hajigangi, lakini huyu alijiganga, mpaka Januari 1867 watoro wa msafara walipotokomea na dawa zote. Miaka sita iliyofuata ilikuwa ya kudhoofu tu. Alifariki kijijini kwa Chitambo, Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili hadi Bagamoyo; London ukatambuliwa kwa mfupa ule ule.