William Ewart Gladstone

William Ewart Gladstone (Liverpool, 29 Desemba 1809 – Hawarden, Wales, 19 Mei 1898) alikuwa mwanasiasa wa Uingereza aliyeshika cheo cha waziri mkuu mara nne: 1868–1874, 1880–1885, mwaka 1886 kwa miezi michache, na 1892–1894. Alipoondoka madarakani mara ya mwisho alikuwa na umri wa miaka 84. Hakuna waziri mkuu mwingine wa nchi hiyo aliyewahi kuongoza serikali akiwa na umri mkubwa kama huo.

Anajulikana zaidi kwa mageuzi ya kodi na uchaguzi na kwa juhudi zake za kuipatia Ayalandi serikali yake ya ndani, juhudi ambazo hazikufaulu. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba utaratibu wa waziri mkuu kuulizwa maswali bungeni kwa wakati wake maalumu ulianza kujengeka katika miaka yake, na sababu mojawapo ilikuwa uzee wake.

Familia na masomo

Baba yake, John Gladstone, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Uskoti aliyetajirika Liverpool. Sehemu kubwa ya utajiri huo ilitoka katika mashamba ya miwa huko Jamaika na Demerara (leo sehemu ya Guyana), yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Uasi mkubwa wa watumwa wa Demerara mwaka 1823 ulianzia shamba la Success, lililokuwa mali yake. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1833, serikali iliwalipa fidia wenye watumwa, si watumwa wenyewe. John Gladstone alipokea zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 2,500.

William alisoma Eton, kisha Christ Church katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikofaulu mwaka 1831 kwa daraja la juu kabisa katika masomo mawili, lugha za kale na hisabati. Alitamani kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, lakini baba yake alimtaka aingie siasa. Dini haikumtoka: alisali kila siku, aliandika vitabu vya teolojia, na kwa karibu miaka 70 aliandika shajara akihesabu jinsi alivyotumia muda wake mbele ya Mungu.

Mwaka 1839 alimwoa Catherine Glynne wa Hawarden, wakapata watoto wanane.

Kuingia bungeni

Alichaguliwa mbunge wa Newark mwaka 1832 kwa upande wa Wahafidhina, kabla ya kutimiza miaka 23. Mwaka 1833 alizungumza katika mjadala kuhusu kufuta utumwa, akiwatetea wenye mashamba na hasa sifa ya shamba la baba yake. Wasifu nyingi za zamani zilipita haraka mahali hapa. Ni kweli kwamba baadaye alibadilika, akahesabu kufutwa kwa utumwa kati ya mambo ambayo watu wa kawaida walikuwa na haki na wakubwa walikosea. Lakini bado mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alitoa hotuba huko Newcastle iliyochukuliwa na wengi kuwa inaunga mkono majimbo ya Kusini.

Mwaka 1846 chama cha Wahafidhina kiligawanyika juu ya ushuru wa nafaka, naye akamfuata kiongozi wake Robert Peel. Hatimaye aliingia katika chama kipya cha Kiliberali. Akiwa Waziri wa Fedha (1852–1855 na 1859–1866) alipunguza ushuru wa bidhaa nyingi. Hotuba yake ya bajeti ya mwaka 1853 ilichukua karibu saa tano. Mwaka 1861 alifuta ushuru wa karatasi, na magazeti ya bei nafuu yakaenea haraka. Kwa njia hiyo yaliyosemwa bungeni yaliweza kusomwa na watu wengi kuliko zamani.

Serikali yake ya kwanza

Serikali ya 1868–1874 iliondoa hadhi ya Kanisa la Anglikana kuwa kanisa rasmi la Ayalandi (1869), ambako wakazi wengi walikuwa Wakatoliki. Mwaka 1870 ilitunga sheria ya shule za msingi kwa Uingereza na Wales, na mwaka 1872 ilileta kura ya siri. Ilishindwa katika uchaguzi wa 1874 na Benjamin Disraeli, mpinzani wake mkubwa.

Kujibu maswali bungeni

Bunge la Uingereza lina nyumba mbili: Bunge la Makabwela, ambalo wabunge wake huchaguliwa, na Nyumba ya Malodi. Katika karne ya 19 waziri mkuu aliweza kutoka nyumba yoyote. Disraeli alipopewa cheo cha ukabaila mwaka 1876 alihamia kwa Malodi, na tangu hapo wabunge wa kuchaguliwa hawakuweza kumuuliza jambo ana kwa ana. Walijibiwa na mawaziri wenzake. Gladstone alibaki kwa Makabwela maisha yake yote. Mwaka 1885 Malkia Victoria alitaka kumpa cheo cha ukabaila, akakataa.

Alirudi madarakani mwaka 1880, na swali la wabunge wakati huo lilikuwa limekuwa silaha. Wabunge wa Ayalandi, chini ya Charles Stewart Parnell, walitumia kila kanuni kuchelewesha shughuli ili madai ya nchi yao yasipuuzwe. Kikao kilichoanza 31 Januari 1881, juu ya mswada wa kuipa serikali nguvu za kukamata watu Ayalandi bila kesi, kiliendelea kwa saa 41 hadi Spika alipokifunga kwa uamuzi wake mwenyewe. Siku iliyofuata wabunge 36 wa Ayalandi walisimamishwa.

Katika mwaka huohuo maswali yaliyoelekezwa kwa waziri mkuu yalipelekwa mwisho wa orodha ya maswali ya siku. Lengo lilikuwa la heshima tu: mzee aliyepita miaka 70 asilazimike kufika mapema. Vikao vilianza alasiri na mara nyingi kuendelea hadi baada ya usiku wa manane, na baada ya hapo ilikuwa kazi yake pia kumwandikia malkia taarifa ya yaliyojadiliwa. Hivyo maswali ya waziri mkuu yalipata mahali pake pa pekee. Siku maalumu katika juma zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1950, na muda uliopangwa rasmi mwaka 1961 chini ya Harold Macmillan. Nchi nyingi zilizorithi bunge la mtindo wa Uingereza zina desturi ya namna hiyo; katika Bunge la Tanzania waziri mkuu hujibu maswali ya papo kwa papo siku ya Alhamisi.

Gladstone mwenyewe hakuwa mtu wa majibu mafupi. Sentensi zake zilikuwa ndefu, zenye masharti ndani ya masharti, na wapinzani walilalamika kwamba wakitafuta ndiyo au hapana walirudi mikono mitupu. Wafuasi wake waliona humo uangalifu wa mtu asiyetaka kusema uongo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Jambo hilo lilionekana wazi katika suala la Sudan. Mwaka 1882 serikali yake ilikuwa imeivamia Misri, ingawa yeye alijulikana kwa kupinga upanuzi wa dola, na waziri John Bright alijiuzulu kwa sababu hiyo. Januari 1884 Jenerali Charles Gordon alitumwa Khartoum kusimamia kuondoka kwa majeshi ya Misri mbele ya wafuasi wa Mahdi. Badala ya kuondoka alibaki, na mji ukafungwa njia zake. Wabunge waliuliza mara kwa mara kama Gordon yumo hatarini na serikali itafanya nini. Mwezi Aprili Gladstone alijibu kwa kutofautisha kati ya mji wenye vikosi vya maadui katika ujirani wake na mji uliozingirwa kabisa. Mwezi Mei aliliambia bunge kwamba Wasudani walikuwa wakipigania uhuru wao kwa haki. Kauli hii ya pili haikuwa ya kawaida kwa kiongozi wa dola la kikoloni, na inastahili kukumbukwa. Ile ya kwanza ilimgharimu. Fedha za kikosi cha uokoaji ziliombwa Agosti tu. Kikosi kilifika Khartoum 28 Januari 1885, siku mbili baada ya mji kutekwa na Gordon kuuawa. Malkia alimkemea kwa simu ya maandishi iliyotumwa wazi, bila lugha ya siri. Hoja ya kutokuwa na imani ilishindwa bungeni kwa kura 14 tu, na serikali ikaanguka miezi michache baadaye.

Ayalandi na miaka ya mwisho

Mwezi Mei 1882 Lord Frederick Cavendish, waziri mpya wa Ayalandi na mume wa mpwa wa Catherine Gladstone, aliuawa kwa visu mjini Dublin. Hata hivyo Gladstone alizidi kuamini kwamba kisiwa hicho hakiwezi kutawaliwa kwa nguvu. Mswada wake wa kuipa Ayalandi bunge lake ulikataliwa Juni 1886 kwa kura 343 dhidi ya 313, baada ya sehemu ya chama chake kujitenga. Aliuleta tena mwaka 1893 akiwa na miaka 83, akausimamia mwenyewe kifungu kwa kifungu. Makabwela waliupitisha, Malodi wakaukataa kwa kura 419 dhidi ya 41.

Katika serikali hiyohiyo baraza lake liligawanyika kuhusu Uganda, ambako Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imeishiwa fedha. Gladstone alitaka kuiacha nchi hiyo, lakini Waziri wa Mambo ya Nje, Lord Rosebery, alitaka ishikwe. Gerald Portal alitumwa kuchunguza. Gladstone alijiuzulu Machi 1894, baada ya kupinga matumizi makubwa ya jeshi la majini. Rosebery alichukua nafasi yake, na katika mwaka huohuo Uganda ikatangazwa kuwa nchi lindwa.

Alihutubia bunge mara ya mwisho 1 Machi 1894. Alistaafu Hawarden, alikoanzisha maktaba kwa vitabu vyake zaidi ya 30,000, vingine akivisukuma mwenyewe kwa toroli. Alifariki kwa kansa na kuzikwa Westminster Abbey. Kati ya waliosindikiza jeneza alikuwemo mwana wa malkia, ambaye baadaye alikuwa mfalme Edward VII. Mama yake hakupendezwa na jambo hilo.