Lakabu haitoshi kumtoa mwandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe vijana wanaotunga hadithi habari za Charlotte Brontë, mwalimu wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1816.

Baba yake alikuwa kasisi wa Haworth. Mwaka 1846 Charlotte na wadogo zake wawili, Emily na Anne, walitoa kitabu cha mashairi kwa gharama zao wenyewe. Kwa kuwa wahakiki waliwapima wanawake kwa mizani nyingine, walijiita Currer, Ellis na Acton Bell, majina yasiyoonyesha kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Mwaka mzima zikauzwa nakala mbili tu!

Charlotte hakukata tamaa. Riwaya yake ya kwanza, The Professor, ilikataliwa na wachapishaji kadhaa. Kampuni ya Smith, Elder ya London nayo iliikataa, lakini ilimweleza sababu na kusema ingependa kuona kazi ndefu zaidi. Akawapelekea Jane Eyre. Ilitoka Oktoba 1847 na kusomwa mno. Alifariki mwaka 1855. Ile iliyokataliwa ilichapwa mwaka 1857.

Ndugu zangu, lakabu ilimkinga Charlotte na dharau, lakini haikumfungulia mlango. Mlango ulifunguliwa na mswada wa pili. Wachapishaji nao wasikae kimya: wakikataa mswada, wamweleze mwandishi kasoro zake. Jibu moja la haki lilitupatia Jane Eyre.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.