Mwenyeheri Anuarite

Siku chache kabla ya Kwaresima, Wakristo wa Lubumbashi hurudisha parokiani matawi makavu yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Matawi hayo huchomwa, na majivu yake ndiyo padri anayotutia katika paji la uso Jumatano ya Majivu. Wakati huo mvua za Katanga zingali zinanyesha, na watoto hufika kanisani miguu imejaa matope mekundu.

Wakubwa, tangu miaka 18 hadi 59, wanafunga chakula siku ile na Ijumaa Kuu. Tangu miaka 14 mtu anaacha nyama. Ninyi wadogo hamshurutishwi. Lakini kuna tayarisho moja lisilotazama umri, nalo ni kumsamehe aliyetukosea. Kuacha nyama si neno kubwa, hasa kwa mtu ambaye nyama haimo nyumbani mwake. Kusamehe ni kazi. Sikilizeni basi habari za msichana wa Kongo aliyeiweza.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, mbali sana kaskazini, katika kabila la Wabudu. Wazazi wake walimwita Nengapeta. Alipobatizwa pamoja na mama yake akapewa jina la Alfonsina. Na Anuarite je? Hilo lilikuwa jina la dada yake. Alipopelekwa shule, aliandikwa kwa kosa kwa jina la dada yake, na kosa lile halikusahihishwa tena. Leo ulimwengu wote unamjua kwa jina hilo!

Nyumbani walizaliwa wasichana sita, naye alikuwa wa nne. Baba alitamani mtoto mwanamume. Hakumpata, akamwacha mama, akaoa mwanamke mwingine. Hivyo Anuarite alijua tangu utoto jinsi moyo unavyouma.

Alitamani kuwa mtawa. Mama hakutaka, maana alihitaji msaada wake. Siku moja lori lilifika Wamba kuwachukua wasichana waliokwenda kwa masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Anuarite akajipenyeza katikati yao, akapanda, akaenda zake bila kuaga. Mama alimtafuta sana kabla ya kujua alikokwenda. (Ninyi msifanye hivyo.) Mwishowe mama alikubali. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake, akaitwa Sista Maria Klementina. Wazazi wote wawili walikuwapo, wakawaletea masista mbuzi wawili kwa furaha yao.

Huko Bafwabaka alifundisha watoto wa shule, alipika, alitunza vyombo vya altare. Kazi ambazo wengine walizikwepa, yeye alizishika. Mfukoni alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, wala hakuachana nayo.

Mwaka 1964 vita viliingia katika nchi. Waasi walioitwa Simba waliteka miji mingi ya kaskazini na mashariki. Tarehe 29 Novemba walifika Bafwabaka, wakawapakia watawa 46 katika lori, wakisema wanawapeleka Wamba mahali pa salama. Njiani wakawanyang'anya rozari zao. Kisha lori halikwenda Wamba. Liligeuzwa kuelekea Isiro, mji ulioitwa Paulis wakati ule. Wakafika huko jioni ya tarehe 30.

Usiku ule mkubwa mmoja wa askari alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Watawa wenzake walipewa wali na samaki wa kopo, lakini nani angeweza kula? Kanali Pierre Olombe akatumwa amlazimishe. Olombe naye akamtaka kwa nafsi yake. Akamvuta kwenye motokari pamoja na sista mwingine, wakakataa kuingia, akawapiga sana, hata mwenzake akavunjika mkono. Anuarite alisema kwamba ni afadhali afe kuliko kuvunja nadhiri yake.

Tena katikati ya mapigo yale, damu ikimtoka, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui analotenda. Angaliaeni jambo hili. Hakungoja Olombe aombe radhi. Hakungoja hasira yake mwenyewe ipoe. Olombe akazidi kukasirika, akawaita askari wamchome kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi kifuani. Ilikuwa tarehe 1 Desemba 1964, usiku wa manane umekwisha kupita. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25.

Walimzika pamoja na wafu wengine katika shimo moja. Miezi ilipita, mwaka 1965 shimo likafukuliwa, na ile sanamu ndogo ya Bikira Maria ikasaidia kumtambua. Akazikwa tena kwa heshima huko Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Kinshasa, akamtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri mbele ya umati mkubwa wa watu. Wazazi wake walikuwapo. Na Papa, mbele yao wote, alimsamehe yule muuaji kwa jina la Kanisa zima, kama Anuarite alivyokwisha kumsamehe. Kesho yake akapanda ndege, akaja Lubumbashi.