Marian Smoluchowski: Mtoto wa ugenini aliyegundua joto "linaruka"

Nyumba zetu nyingi hazikosi chupa ya chai. Ukitia kahawa asubuhi, mchana bado ina moto. Siri iko baina ya kuta zake mbili: hewa ya pale imetolewa. Mmoja wa waliotufahamisha vipi joto linapita, au linashindwa kupita, kwenye hewa iliyopunguzwa ni Marian Smoluchowski, na maisha yake hayako mbali sana na yetu sisi tulio nje.

Alizaliwa tarehe 28 Mei 1872 karibu na Vienna, Austria. Wazee wake walikuwa Wapolandi, na wakati huo Polandi haikuwemo kwenye ramani. Ilikuwa imegawiwa baina ya Urusi, Prussia na Austria. Mtoto alisoma skuli ya Kijerumani, lakini lugha ya wazee haikuachwa. Yeye na kaka yake Tadeusz walipenda sana kupanda milima.

Baada ya chuo kikuu cha Vienna alikwenda kutafuta elimu Paris, Glasgow na Berlin. Huko Berlin ndiko alikopata jambo lake kubwa. Watu walizoea kuhesabu kwamba hewa inayogusa ukuta wa moto ina joto sawasawa na ukuta wenyewe. Smoluchowski alipima na kukuta kwamba hewa ikipunguzwa, sivyo. Mwaka 1898 alichapisha matokeo: baina ya ukuta na hewa joto linaruka ghafla, kama ngazi iliyokosa kidato.

Sababu ni nini? Molekuli za hewa hubeba joto kwa kugongana. Zikiwa chache, kila moja inasafiri mbali kabla ya kugonga nyengine. Inafika ukutani na joto la kule ilikotoka, inagusa mara moja na kuondoka, wala haiwahi kuchukua joto lote la ukuta. Basi joto linapita kwa taabu.

Angeweza kubaki Vienna, lakini alikwenda kusomesha Lwów, mji ambao leo uko Ukraine, na akawa profesa kabla hajafika miaka 30. Mwaka 1906 alieleza kwa nini chembe ndogo ndani ya maji hazitulii, kazi ambayo Einstein naye aliifanya kwa njia yake mwaka mmoja kabla. Mwaka 1913 alihamia Kraków.

Mwaka 1917, vita vikiendelea, alichaguliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu cha huko. Hakuwahi kukikalia kiti. Ugonjwa wa kuhara damu ulimuua tarehe 5 Septemba, akiwa na miaka 45. Mwaka uliofuata, Novemba 1918, Polandi ikapata uhuru. Hakuiona.

Kazi yake lakini haikufa. Hewa ya kawaida tunayovuta, molekuli yake husafiri kama nanomita 70 tu baina ya mgongano na mgongano, sawa na unene wa unywele uliogawiwa mara elfu. Leo mafundi wanatengeneza vifaa vyenye nafasi ndogo kiasi hicho, na ndani yake hewa hii hii inafanya kama iliyopunguzwa. Wakitaka kujua kifaa kitapoa vipi, lazima wahesabu ule mruko alioupima kijana mmoja Berlin zaidi ya miaka 120 iliyopita.